Minoxidil, mafuta ya nyonyo au moo yao? Nywele za mbele zinaniisha

Akiiki_Ntinda
Wapendwa, habari za jioni. Nywele zangu zinatoka sana, hasa mbele na pembeni. Nikiosha kichwa zinabaki mkononi, nikiamka zimejaa kwenye mto. Nimetenga laki mbili na wikendi hii nashuka mjini kununua. Nimebaki na vitu vitatu: minoxidil ya asilimia 5, mafuta ya nyonyo yenye rozimari, au moo yao, yaani siagi ya shea, kutoka kaskazini mwa Uganda. Saluni nao wananishauri nipige stimu kila wiki. Nani ametumia akaona matokeo? Ninaumia moyo kweli.

Mzee_Koboko
Pole sana. Lakini Akiiki ni empaako, jina la heshima la Watooro na Wanyoro, na ni ya wote, hatujui tunaongea na kaka au dada. Una umri gani? Zilianza kutoka lini? Umeugua karibuni? Kipara cha mwanamume na kichwa cha mama anayesuka havitibiwi kwa chupa moja.

Utosi_Umejaa
Chukua minoxidil, usizunguke. Mimi utosi ulikuwa ngozi tupu, leo umefunika. Napaka mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwenye ngozi yenyewe. Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: wiki za mwanzo nywele hudondoka zaidi, maana zilizokuwa zimelala zinapisha mpya. Wengi wanaogopa hapo wanatupa chupa. Subiri miezi minne mpaka sita ndipo uhukumu. Na ukiacha kupaka, ulichovuna kinaondoka, kwa hiyo piga hesabu ya miaka, laki mbili haitoshi.

Min_Lira
Huku Lango, kaskazini, watoto wetu wanapakwa moo yao tangu wanazaliwa, na nywele zao mnaziona. Chukua yale laini yanayoyeyuka kwenye kiganja, yenye harufu ya njugu. Hayo ya dukani ya kupaka maisha yote mimi siyataki.

Utosi_Umejaa
Min, moo yao yanalainisha, sikatai. Kuotesha nywele ni jambo lingine. Nilipaka mafuta ya kila aina na utosi ukabaki vilevile.

Duka_la_Dawa_Kla
Nafanya kazi duka la dawa, naomba nitenganishe mambo. Akiiki, chukua unywele mmoja uliotoka, uweke juu ya karatasi nyeusi, tazama ncha zote mbili. Ukiona kichwa kidogo cheupe upande mmoja, umeng'oka na mzizi. Usipokiona, huenda umekatika njiani. Nywele zinazokatika ndizo zinazosaidiwa na moo yao na nyonyo, kwa sababu mafuta yanashika unyevu. Zinazong'oka zina sababu ndani ya mwili au kwenye ngozi.

Rozimari ina utafiti wa mwaka 2015 ulioilinganisha na minoxidil ya asilimia 2. Baada ya miezi sita matokeo yalikaribiana, ila waliopimwa walikuwa wanaume wenye kipara cha kurithi. Minoxidil yenyewe ilianza kama kidonge cha presha, na Marekani iliidhinishwa kupakwa kichwani mwaka 1988. Ni dawa, si pomadi. Kwa hiyo nakuuliza kabla hujafungua pochi: una mimba au unanyonyesha?

Akiiki_Ntinda
Mimi ni mama, miaka 29. Mtoto ana miezi minne, ananyonya. Nilikuwa na rasta nilipojifungua, nikazifumua, nikasuka tena kwa sababu sina muda wa kuchana.

Duka_la_Dawa_Kla
Hapo sasa! Minoxidil iache wakati huu wa kunyonyesha, labda daktari aseme vingine. Wakati wa mimba nywele nyingi hukaa bila kudondoka, kisha miezi mitatu hivi baada ya kujifungua zinaachia kwa pamoja. Homa kali nayo hufanya hivyohivyo. Kwa kina mama wengi zinarudi zenyewe kabla mtoto hajafika mwaka au karibu na hapo. Pima damu, uone kama madini ya chuma yamepungua, na tezi ya shingo pia. Hizo za pembeni ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa sababu ya rasta.

Binti_Jinja
Dada Akiiki, fumua leo. Kulikuwa na kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ya dada yangu, nikasuka rasta ndogondogo ndefu saluni moja mjini. Usiku ule sikuweza kufumba macho vizuri, paji lote limevutwa. Asubuhi nikaona vipele vimepangana kwenye mstari wa nywele, vyenye vichwa vyeupe, nikigusa machozi yananitoka. Nikarudi saluni, wakaniambia zitalegea zenyewe, nimeze dawa ya maumivu. Sherehe ilikuwa imekaribia, nikavumilia. Zilipofumuliwa, nywele za pembeni zikatoka na rasta. Wakanishauri wigi ya gundi ili kuficha, na ile gundi ikabandua hata vile vinyweleo laini vilivyokuwa vimebaki. Nikapaka nyonyo usiku na mchana. Kliniki ya ngozi daktari akapitisha kioo kidogo cha kukuzia, akanionyesha: penye vinyweleo bado pana matumaini, ila pale ngozi imekuwa laini na kung'aa ni kovu, mzizi umekufa. Hakuna mafuta wala minoxidil ya kuuamsha. Ningeambiwa wakati wa vile vipele, ningefumua palepale.

Nalongo_Msusi
Pole mwanangu, huyo alikukosea. Lakini msilaumu rasta, laumuni mkono. Mimi nywele za mbele siziungi na uzito, na mteja akisema inauma nafumua bila kumtoza.

Mzee_Koboko
Ndiyo maana naunga mkono shule zinazowanyoa wasichana. Kichwa kinapumzika.

Binti_Jinja
Mzee wangu, kwa heshima, sikubali. Mashine moja inapita vichwa vya darasa zima bila kusafishwa, watoto wanarudi na mapunye.

Duka_la_Dawa_Kla
Na mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake, fangasi yuko ndani ya unywele. Ni vidonge, kama griseofulvin, kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha daktari.

Nalongo_Msusi
Wazazi wanunue mashine yao ya nyumbani. Mimi yangu naisafisha kila kichwa.

Akiiki_Ntinda
Asanteni wote. Nimeanza kufumua upande mmoja, mtoto akilala naendelea. Nimetazama nywele kama ulivyosema, nyingi zina kile kichwa cheupe. Jumatatu nitauliza kliniki ya ngozi ya hospitali ya Mulago, Kampala. Lakini laki mbili bado ninayo, na mume wangu anasema minoxidil ya wanawake ya asilimia 2 haina shida. Ni kweli?

Duka_la_Dawa_Kla
Dawa ni ileile, dada. Mwambie mume wako hununui mpaka umwone daktari Jumatatu.

Min_Lira
Moo yao nikutumie na basi la kesho? Kilo au nusu?

Utosi_Umejaa
Na sisi wanaume, kuna aliyejaribu minoxidil ya povu? Ya maji inaniwasha.