Je, mashirika ya uchapishaji ya vyuo vikuu yaendelee kuchapa mashairi?

Mleta mada: Ndugu wasomaji, mwaka 1998 shirika la Chuo Kikuu cha Oxford lilitangaza kwamba litaacha kuchapa washairi walio hai, kwa hoja ya fedha. Naona lilitenda haki. Shirika la chuo lipo ili litoe utafiti wa kina ambao wachapishaji wa biashara hawaugusi. Diwani ni pambo tu la orodha, wala haipitiwi na wataalamu kama tasnifu inavyopitiwa.

Bint Hamadi: Neno hilo «pambo» limenichoma. Diwani ya Muyaka bin Haji ilitolewa na shirika la Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1940, takriban karne moja baada ya mshairi kufariki, na wahakiki waliofuata wakapata matini ya kushika mkononi, kuikosoa na kuisahihisha. Je, hilo nalo ni pambo?

Mleta mada: Dada, sikumgusa Muyaka. Ule ni uhariri wa kitaaluma, na hata mimi ningeuchapa kesho. Nilizungumzia walio hai: nani atathibitisha kwamba diwani ya mwaka huu ni elimu?

Mhariri Mstaafu: Katika shirika nililolitumikia, kila mswada wa mashairi ulisomwa na wasomaji wawili wa nje, kisha ukafikishwa mbele ya bodi ileile iliyopima vitabu vya historia na baiolojia. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, nao wana shindano la washairi chipukizi tangu mwaka 1919, na mshindi huchapiwa diwani yake ya kwanza. Ninalolijutia mimi ni jingine. Tuliwahi kurudisha uchambuzi mzuri mno wa vina na mizani kwa kuwa nusu ya mashairi yaliyochambuliwa hayakuwa yamechapwa popote, na bodi haikuona namna ambavyo msomaji angeyapima madai ya mwandishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyependekeza tuyachape kwanza mashairi yenyewe.

Mleta mada: Mzee wangu, kwa heshima zote, wasomaji wawili kulipenda shairi si sawa na wataalamu wawili kukagua jedwali la takwimu.

Bint Hamadi: Unashikilia jedwali kwa sababu unadhani mshairi hakosei. Hukosea, na mwenye sikio huisikia mizani iliyopungua kabla hujamaliza kuusoma mshororo. Usiyajadili mashairi kama huyasomi.

Mleta mada: Nayasoma tangu utotoni, na sikutarajia kuambiwa hivyo hapa.

Mkutubi: Naomba turudi kwenye swali. Ninaye mshairi mmoja ambaye rafuni kwangu ana vitabu vitatu vya uhakiki, vyote vya mashirika ya vyuo vikuu, ilhali diwani yake haichapwi tena na nakala yetu ya mwisho imepotea. Mwanafunzi akija kuitafuta, namkabidhi vitabu vitatu vinavyomweleza mashairi ambayo hawezi kuyasoma. Mleta mada, wewe ungemjibu nini?