Beetle inasita ninapokanyaga mafuta: je, nikubali jeti itobolewe?

Mwenye Beetle: Wadau, hamjambo. Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, injini ya 1600, kabureta ya Solex 34 PICT-3. Linawaka bila shida na linanguruma vizuri likiwa limesimama, lakini nikikanyaga mafuta kwa ghafla, hasa ninapoanza kupanda Valley Road, injini inasita, inakohoa, ndipo inashika. Nikikanyaga polepole, hakuna tatizo. Fundi anataka kuitoboa jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta, iwe pana zaidi. Naomba ushauri kabla hajaigusa.

Fundi wa Grogan: Ndugu, tafadhali usikubali. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya nchi za chini huwa tayari inatoa petroli nyingi kupita kiasi. Chomoa plagi: ukizikuta na masizi meusi makavu, jeti pana zaidi itazidisha uchafu huo.

Kasoro inayojitokeza unapokanyaga ghafla tu, mimi huanza kuitafuta kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta. Kipepeo, yaani kibati kinachofungua njia ya hewa unapokanyaga mafuta, kikifunguka kwa haraka, hewa hutangulia na petroli ya jeti kuu huchelewa. Pampu hiyo ndiyo inayoziba pengo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ondoa chujio la hewa, chungulia ndani, kisha fungua kipepeo kwa mkono. Mchirizi mwembamba wenye nguvu unapaswa kuruka papo hapo kutoka kwenye kimrija, ukielekea kwenye upenyo wa kipepeo. Ukichelewa au ukitoka kwa matone, fungua kifuniko cha pampu ukague kiwambo cha mpira, kwani hukauka na kupasuka.

Mpenda Magari ya Zamani, Lang'ata: Naongeza jambo moja. Tazama distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Beetle nyingi zimewekewa Bosch 009, ambayo haina kopo la vakyumu, yaani linalotanguliza cheche kwa mvuto wa hewa ya injini. Inatanguliza cheche kwa vyuma vinavyosukumwa nje kadiri mzunguko wa injini unavyoongezeka. Unapokanyaga mafuta mzunguko wa injini ukiwa bado uko chini, cheche haitangulii kwa wakati, na 34 PICT-3 haivumilii hali hiyo.

Mwenye Beetle: Asanteni sana. Nimechungulia: mchirizi unatoka ukiwa umechelewa, na distribyuta ni hiyo hiyo 009.

Fundi wa Grogan: Basi una mambo mawili. Anza na kiwambo, ambacho bei yake ni nafuu. Ulizia Kirinyaga Road, na upeleke cha zamani ukilinganishe, kwa sababu vya Solex vinafanana bila kuwa sawa. Kusita kukipungua bila kwisha, tafuta distribyuta ya vakyumu inayolingana na kabureta hiyo, na umwambie fundi apange taimingi (wakati wa cheche) upya kwa vipimo vyake, si kwa vile vya 009.

Mpenda Magari ya Zamani, Lang'ata: Na injini ikishapata moto, gusa kwa uangalifu kibomba kinachopasha moto manifoldi, yaani bomba linalopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye injini, chini ya kabureta. Kikiwa baridi, kimezibwa na masizi, na asubuhi za Julai gari litaendelea kusita hata baada ya kazi hiyo yote.