Nimefutiwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza na hakuna anayetaka kunieleza kosa langu

Wadau, nawasalimu, ingawa ninaandika nikiwa na hasira.

Mwezi uliopita nilifanya mtihani wa Kiingereza wa nyumbani, ule ambao mtahiniwa hutazamwa kupitia kamera ya kompyuta, kwa kuwa chuo nilichoomba ng'ambo kinautambua. Masharti niliyasoma yote nikayafuata: mlango umefungwa, masikio wazi, saa nimeivua, mezani hakuna hata kijikaratasi, na kabla ya kuanza nikazungusha kamera kuonyesha hadi chini ya kitanda. Nikiwa katikati ya sehemu ya kuzungumza, mtoto wa jirani akagonga: "Hodi! Mama anaomba kiberiti." Sikumjibu. Niligeuka tu kuutazama mlango, pengine kwa sekunde mbili, kisha nikaendelea.

Siku tatu baadaye nikapokea barua pepe ya mistari minne: matokeo yamefutwa kwa "mwenendo unaokiuka masharti". Mwenendo upi? Nilikata rufaa kwa maelezo ya kurasa mbili, na jibu likaja baada ya dakika kumi na moja kwamba uamuzi ni wa mwisho na ushahidi hautolewi kwa sababu za kiusalama. Rufaa gani hiyo inayosikilizwa kwa dakika kumi na moja? Ada hawarudishi, na chuo kimekwisha kufunga maombi.

Siwatetei wadanganyifu. Anayemlipa mtu amfanyie mtihani, au anayeingia na mwakenya, afutiwe matokeo, kwani ndiye anayetufanya sisi wengine tutiliwe shaka. Lakini tumeshaona shaka ikigeuzwa hukumu. Mwaka 2014, baada ya BBC kufichua udanganyifu jijini London katika TOEIC, mtihani wa Kiingereza uliotumika kuombea viza za wanafunzi, sauti za watahiniwa zilichunguzwa, na kati ya mitihani zaidi ya 58,000 iliyofanyika Uingereza, 97% ikatiliwa shaka. Maelfu wakapoteza viza zao. Walaghai walikuwepo, tena wengi, ila wapo pia walioshinda mahakamani baada ya kuhangaika miaka mingi wakitakiwa kuthibitisha kwamba sauti iliyorekodiwa ilikuwa yao, au kwamba walikaa kwenye kiti kile wao wenyewe.

Mimi nadai kitu kidogo zaidi: nionyeshwe zile sekunde mbili. Ikiwa yupo hapa aliyewahi kupewa video ya mtihani wake mwenyewe, tafadhali anieleze alimwandikia nani na alitumia maneno gani.