Je, niache kampuni ndogo kwa ajili ya kampuni kubwa ya teknolojia?

Fundi_Mipangilio: Habari za jioni, wanajukwaa. Kwa miaka mitano nimekuwa nikiandika programu katika kampuni ya watu tisa hapa Nairobi, inayounganisha mifumo ya maduka na malipo ya M-Pesa. Wiki iliyopita nilipokea barua ya ajira kutoka kampuni kubwa ya Marekani yenye ofisi papa hapa mjini. Mshahara unakaribia maradufu, na juu yake kuna hisa zitakazotolewa kwa awamu katika miaka minne, awamu ya kwanza baada ya mwaka mmoja. Mke wangu ameshangaa kwamba bado nasitasita. Lakini hapa nilipo, mteja akinipigia simu asubuhi, jioni tatizo lake huwa limekwisha, nami nahofia kwenda kutunza kitufe kimoja tu cha ukurasa. Mliopitia huko, mnanishauri nini?

MzeeWaSeva: Kaka, hofu hiyo ina msingi. Mwezi wangu wa kwanza katika kampuni ya aina hiyo nilibadilisha mistari minne ya msimbo, ikapekuliwa na wenzangu wawili, ikajaribiwa, kisha ikafunguliwa kwa sehemu ndogo ya watumiaji kabla ya kuwafikia wote. Nilikereka mno. Baadaye nilielewa kwamba kosa dogo pale huwafikia mamilioni ya watu kabla chai haijapoa, na nidhamu hiyo nisingeipata kule nilikotoka, ambako tulipandisha mabadiliko kwenye seva Ijumaa usiku na kuomba Mungu. Nilichokipoteza ni mteja: kwa miaka minne sikuzungumza na hata mmoja. Tena uliza timu yako itakuwa wapi, maana saa tatu asubuhi ya Seattle, Marekani, ni saa moja au saa mbili usiku kwetu kutegemea majira, na vikao havimngojei mtu amalize kula na wanawe.

Binti_Hesabu: Mimi ningeanzia kwenye hisa. Zikishakuwa zako huhesabiwa kuwa mapato na hukatwa kodi, ambayo tangu Julai 2023 hufikia asilimia 35 kwa sehemu ya mapato inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa hiyo usichukue mkopo wa nyumba kwa kutegemea bei yake ya leo. Pili, ukubwa wa kampuni si kinga. Meta, wenye Facebook, ilitangaza kuondoa zaidi ya watu 11,000 Novemba 2022, na Januari iliyofuata Google ikatangaza takriban 12,000. Twitter ilikuwa imeajiri timu Accra, na karibu wote waliachishwa Novemba hiyohiyo ya 2022. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, maana yake ukiondolewa mwezi wa kumi na moja hupati malipo hayo, wala hisa hujazigusa. Soma mkataba uone kama unaahidi zaidi ya hapo. Hata hivyo, ningekuwa wewe ningekwenda, nikiwa na akiba ya miezi sita.

Fundi_Mipangilio: Nawashukuru, mzee na dada. Suala la mwezi wa kumi na moja halikuwa limenijia kabisa. Leo nimemwandikia afisa wa ajira kumuuliza kiongozi wa timu yangu anakaa mji gani, na bado hajanijibu.