Ninaosha uso mara tano kwa siku, mbona chunusi haziishi?

Swali

Habari zenu. Nina umri wa miaka 24 na nimekuwa na chunusi tangu nilipobalehe. Nilitarajia zingeniacha, lakini sasa zimehamia kwenye taya na kidevu, na huchachamaa siku chache kabla ya hedhi. Ninaosha uso mara tano kwa siku kwa sabuni kali, nausugua kwa kitambaa kigumu mpaka unawasha, na katika miezi miwili iliyopita nimejaribu krimu nne. Mojawapo, iliyokuwa katika kikopo kisicho na maandishi, ilinitakasa uso ndani ya siku nne. Nilipoiacha, vikanilipuka vipele vyekundu vilivyolingana kwa ukubwa. Ninakosea wapi?

Jibu la 1

Pole sana, dada. Chunusi hazitokani na uchafu, na kosa lako la kwanza liko hapo. Kila kinyweleo kina tezi yake ya mafuta, na homoni za androjeni, yaani homoni za kiume ambazo hata wanawake wanazo, zinapoichochea tezi hiyo, mafuta huzidi, hushikana na seli zilizokufa na kuziba tundu. Ndani yake bakteria waishio kwenye ngozi ya kila mtu hustawi na kuleta uvimbe na usaha. Hata ile ncha nyeusi inayoonekana puani si vumbi, bali ni mchanganyiko huohuo uliobadilika rangi kwa kupigwa na hewa. Kusugua hakulifikii tundu lililoziba. Kunaichubua tu ngozi ya juu na kuongeza uvimbe. Osha mara mbili kwa siku, na tena ukitoka jasho, kwa ncha za vidole na sabuni laini.

Jibu la 2

Mimi ni mfamasia, na kinachonitia wasiwasi ni hicho kikopo. Krimu inayotakasa uso kwa siku nne, kisha ikiachwa vipele vinarudi vyote kwa sura moja, mara nyingi huwa imetiwa steroidi, ambayo hutuliza uvimbe kwa muda huku ikiidhoofisha ngozi na kuzalisha chunusi zake yenyewe. Usiirudie hata uso ukizidi kuharibika. Mpelekee daktari wa ngozi kikopo chenyewe akione.

Kwa chunusi za kawaida, dawa zinazoaminika ni benzoili peroksaidi, ambayo ikiwa ya asilimia 2.5 husaidia karibu sawa na ile ya asilimia 10 bila kuunguza sana (itapausha foronya yako, kwa hiyo tumia nyeupe), na adapalini ya asilimia 0.1, inayopakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima na si juu ya kipele kimoja kimoja. Adapalini haifai kwa mjamzito. Wiki za mwanzo ngozi hukauka na kubanduka, na wengi hukata tamaa hapo, ilhali nafuu huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Krimu nne kwa miezi miwili maana yake hakuna hata moja uliyoipa nafasi.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, dawa ya meno na kutumbua vinasaidia? Na madoa meusi yaliyobaki?

Jibu la 3

Dawa ya meno huunguza ngozi, basi. Kutumbua husukuma usaha ndani zaidi, na hapo ndipo makovu huanzia. Madoa bapa si makovu. Hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi ujikinge na jua kwa losheni ya SPF 30 au zaidi isiyoziba vinyweleo. Kwa kuwa zako hufuata hedhi, mweleze daktari hilo, kwani zipo tiba za homoni. Akikuandikia isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, ni lazima uzuie mimba kipindi chote cha dozi na mwezi mmoja baada yake, kwa sababu dawa hiyo hudhuru kijusi vibaya.

Muulizaji

Kitambaa nimekitupa. Kikopo nimekifunga kwenye mfuko, kinangoja siku ya daktari.