Mjadala: Je, Mmormoni mwaminifu lazima awe mhafidhina?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Hoja hii imenikaa rohoni muda mrefu. Kila ukikaribia uchaguzi wa Marekani, kwenye kundi letu la WhatsApp la waumini zinaanza kuzunguka video za watu wa Utah, jimbo la Marekani lenye makao makuu ya kanisa letu, na Arizona, wanaotufundisha kwamba muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Mmormoni, anayekipigia kura chama cha Democratic, kile cha waliberali, ana walakini katika imani. Vijana wetu wanazipokea kama maandiko. Majuzi mmoja akaandika kuwa Mmormoni mliberali ni mtu aliyeshaanza kutoka kanisani, bado kuaga tu. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia, na sababu zangu ni hizi. Anayepinga aje na hoja.

Ninachosema ni kwamba ukaribu wa Wamormoni na Republican, chama cha wahafidhina, umeletwa na historia, haukuletwa na ufunuo. Na historia yenyewe si ndefu kama wengi wanavyodhani.

Chama cha Republican kilianza kikiwa adui yetu. Ilani yake ya 1856 iliweka mitala, ambayo Wamormoni waliifuata enzi hizo, na utumwa kapu moja na kuviita masalia pacha ya ushenzi. Kule Utah Wamormoni wakawa na chama chao wenyewe, na kitaifa waliwaona Democratic kuwa nafuu. Lakini viongozi waliona hatari: waumini wakijazana wote Democratic, Washington isingekubali kuipa Utah hadhi ya jimbo. Kwa hiyo mwaka 1891 chama kile kikavunjwa na waumini wakahimizwa wagawanyike pande zote mbili. Yaani viongozi wenyewe walitaka kata moja, yaani kusanyiko moja la waumini, iwe na watu wa vyama viwili.

Na walikuwemo hata ndani ya nyumba moja. Mwaka 1896, Utah ikiwa ndiyo kwanza imekuwa jimbo, daktari Martha Hughes Cannon aligombea Seneti ya jimbo kwa tiketi ya Democratic. Kati ya wagombea wa Republican aliokuwa akishindana nao alikuwemo mume wake, Angus Cannon, rais wa kigingi (muungano wa kata kadhaa) cha Salt Lake. Martha alikuwa mke wake wa nne. Kura zilipohesabiwa, mama kapita, mzee kaanguka. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza Marekani yote kuwa seneta wa jimbo, na akaitumia nafasi hiyo kusimamia sheria za afya ya umma. Leo mtu wa video aje aniambie Dada Cannon alikuwa njiani kutoka.

Miaka ya 1930 rais wa kanisa, Heber J. Grant, hakumtaka kabisa Franklin Roosevelt, rais wa Democratic. Waumini wa Utah walimpa Roosevelt ushindi mara zote nne. Kibaya zaidi kwa mzee wetu, ambaye alipigania marufuku ya pombe maisha yake yote, Desemba 1933 Utah ndiyo iliyokuwa jimbo la 36, lile lililokamilisha idadi ya kuifuta marufuku hiyo. Aliumia, na alisema hadharani kwamba ameumia, lakini hakumfukuza mtu kanisani kwa sababu ya kura.

Mara ya mwisho Utah kumpa kura mgombea urais wa Democratic ni 1964, Lyndon Johnson. Kuanzia hapo mambo yakageuka. Kwa hiyo tunachokiita "msimamo wa Wamormoni tangu zamani" hakijafikisha hata umri wa bibi yangu.

Mchangiaji (Nairobi)

Kaka, historia umeisoma, nakupa heko. Lakini umekimbia swali lenyewe: kwa nini mambo yaligeuka? Umeturusha kutoka Roosevelt hadi 1964 ukatuacha hapo.

Nikwambie mimi. Chama cha Democratic ndicho kilichohama. Babu zetu wa imani walimchagua Roosevelt kwa sababu ya njaa na ajira. Baada ya 1973 na hukumu ya Mahakama Kuu juu ya utoaji mimba, chama kile kilianza kutetea mambo ambayo sisi hatuwezi kuyabariki. Mwaka 1976 Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa na washauri wake, ulipinga marekebisho ya katiba ya usawa wa jinsia, kwa kuhofia yatakachoifanyia familia. Mwaka 1995 ukatoka waraka wa familia, unaofundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, ambao wengi wetu hapa Kenya tumeutundika ukutani sebuleni. Mwaka 2008 kule California kanisa likawaomba waumini watoe muda na fedha zao kutetea ndoa ya mume na mke. Hayo yote hayakusemwa na wanasiasa. Yalisemwa na watu tunaowakubali kuwa manabii na mitume.

Sasa ukiniambia Mmormoni anaweza kuwa mliberali, nauliza: mliberali wa nini? Wa kodi na barabara, sawa. Lakini ukitoka hapo ukaingia kwenye ndoa na uhai wa mtoto tumboni, huwezi kuinua mkono kumkubali nabii Jumapili halafu Jumanne ukapiga kura kinyume chake. Unajigawa vipande viwili.

Mchangiaji (Salt Lake City)

Jambo kwenu nyote. Mimi ni mtoto wa Uvira, Kongo, nimepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na sasa naishi hapa hapa mnapopasemea. Niwaletee ya huku.

Askofu wangu, kiongozi wa kata yetu, ni Republican wa damu. Gari lake lina stika ya chama. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akinipitia saa kumi na moja asubuhi kunifundisha kuendesha gari kwenye maegesho ya kanisa, theluji ikiwa bado haijaondolewa, ili nipate leseni na kazi. Mke wake alikaa na mama yangu hospitali usiku kucha, hawaelewani lugha hata neno moja. Mwaka 2019, serikali ya Trump ilipopunguza idadi ya wakimbizi wa kupokewa kwa mwaka hadi 18,000, gavana wa Utah, Gary Herbert, Republican na muumini, alimwandikia rais kumwomba aongeze, akisema Utah inawataka. Alikumbusha kwamba jimbo hili lilijengwa na watu waliokimbia mateso. Ni kweli. Mwaka 1838 gavana wa Missouri alitoa amri Wamormoni waangamizwe au wafukuzwe katika jimbo lake, na amri ile ilifutwa rasmi mwaka 1976.

Ndiyo maana nikisoma "mhafidhina" kwenye video, halafu nikamtazama askofu wangu, naona watu wawili tofauti. Mhafidhina wa hapa ana kumbukumbu ya kufukuzwa. Mitt Romney, Mmormoni aliyegombea urais kwa Republican, alipata karibu asilimia 73 ya kura za Utah mwaka 2012. Miaka minne baadaye Trump hakufika asilimia 46, na zaidi ya asilimia 20 zilimwendea Evan McMullin, Mmormoni asiye na chama ambaye nchi nzima haikumjua. Watu wangu wa kata walikuwa wanasema wazi kwamba yule bwana wa New York hawamwezi.

Lakini niseme ukweli wote: baadaye wengi walimzoea. Mwaka 2020 alipata kama asilimia 58. Na wapo waumini siku hizi wanaosema juu ya wahamiaji maneno ambayo hayafanani na yale ya 2010, wakati viongozi wa Utah waliposaini mapatano ya kuwatendea wahamiaji kwa utu, na kanisa likayaunga mkono. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote mlilolitaja.

Mchangiaji (Mwanza)

Ninyi ndugu mnabishana kama vile sisi watu weusi hatumo katika habari hii.

Hadi Juni 1978 mwanamume mweusi hakupewa ukuhani, na wanamume na wanawake weusi hawakuingia hekaluni kwa ibada zake. Katika miaka ile kulikuwa na mitume wawili wenye siasa tofauti kabisa. Hugh B. Brown, mtu wa Democratic aliyekuwa katika Urais wa Kwanza, alisimama kwenye mkutano mkuu wa Oktoba 1963 akasoma tamko la kuunga mkono haki za kiraia kwa kila mtu bila kujali rangi. Ezra Taft Benson, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Rais Eisenhower kuanzia 1953 hadi 1961, mwaka 1967 alihubiri kwamba vuguvugu la haki za kiraia lilikuwa linatumiwa na wakomunisti. Mimbari moja, mitume wote wawili.

Kaka wa Nairobi, wewe unasema ukimkubali nabii huwezi kupiga kura kinyume. Muumini wa 1967 angemfuata yupi?

Simtukani Mzee Benson. Alikuwemo hekaluni Juni 1978 akaukubali ufunuo kama wenzake, na baadaye akawa rais wa kanisa. Ninachopinga ni siasa ya mtu kuvishwa joho la mafundisho. Zile nadharia kwamba ngozi nyeusi ni laana zilihubiriwa kwa miongo kama ukweli wa Mungu, na mwaka 2013 kanisa lenyewe likazikana kwa maandishi. Waliozihoji mapema ndio walioitwa waliberali. Mimi leo nahudumu katika Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, kaka yangu ni askofu. Sisahau.

Mleta mada

Dada wa Mwanza, asante. Umefika mahali ambapo mimi sikuthubutu.

Kaka wa Nairobi, nakubaliana nawe juu ya ndoa. Fundisho la ndoa katika kanisa letu si la kiliberali na sitajifanya kwamba ni hivyo. Waumini wa mrengo wa kushoto wanaosubiri libadilike nao wana mzigo wa kujieleza. Ila umechukua mambo mawili ukayafanya ndiyo siasa yote.

Hata hayo mawili hayakai ulivyoyaweka. Juu ya utoaji mimba, kanisa linapinga, lakini linaacha nafasi pale palipo na ubakaji, zinaa ya maharimu, hatari kwa maisha au afya ya mama, au mtoto mwenye kasoro ambayo hataweza kuishi nayo baada ya kuzaliwa. Wako Republican wa majimbo fulani ambao wakisikia hivyo watakuita mliberali. Juu ya mashoga, mwaka 2015 kanisa liliunga mkono sheria ya Utah inayokataza kuwanyima nyumba na kazi, na mwaka 2022 likaunga mkono sheria ya taifa iliyolinda ndoa zao kiserikali, mradi uhuru wa dini ulindwe pia. Fundisho halikubadilika. Viongozi walitofautisha fundisho la kanisa na sheria ya nchi yenye watu wa kila namna.

Ongeza na 1981. Serikali ya Marekani ilitaka kutawanya makombora ya nyuklia ya MX katika jangwa la Utah na Nevada. Urais wa Kwanza ulitoa tamko la kupinga, na mwaka uleule Rais Reagan, kipenzi cha wahafidhina, aliuacha mpango ule. Sasa hiyo ni kulia au kushoto?

Kisha kuna Harry Reid. Alijiunga na kanisa akiwa kijana, akafika kuwa kiongozi wa Democratic katika Seneti. Mwaka 2007 aliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu cha kanisa, Brigham Young, kwamba yeye ni Democratic kwa sababu ni Mmormoni. Alipofariki, mtume Ballard alihutubia kwenye mazishi yake. Mtume hasimami juu ya jeneza la mtu wa kutiliwa shaka.

Na kama unataka neno la kiongozi aliye hai: Dallin Oaks alisema kwenye mkutano mkuu wa Aprili 2021 kwamba tusidai muumini mwaminifu hawezi kuwa wa chama fulani. Juni 2023 ikaja barua ya Urais wa Kwanza, isomwe makanisani kote Marekani, kwamba kukipigia chama kimoja kura zote kwa mazoea, bila kuwachunguza wagombea, ni hatari kwa demokrasia.

Mchangiaji (Nairobi)

Barua naijua. Inasema chunguza. Nikichunguza kwa maombi nikaishia kulekule kwa Republican, mtaniambia ni mazoea? Na swali la dada ni zito, sitalipigia chenga: 1967 ningemfuata Brown, kwa kuwa alisoma tamko, na Benson alisema maoni yake. Lakini ule waraka wa familia umetolewa kwa jina la Urais wa Kwanza na Mitume Kumi na Wawili, wote kumi na watano. Si maoni ya mmoja.

Mleta mada

Hapo tumekaribiana kuliko tulivyoanza. Ukichunguza ukaishia Republican sina neno nawe, na kijana wa kundi letu akichunguza akaishia Democratic usiwe na neno naye.

Nina jina moja la kukuachia. Rusty Bowers, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Arizona, Republican, mhafidhina na muumini. Alimpigia Trump kura 2020. Alipotakiwa na watu wa Trump abadilishe matokeo ya jimbo lake alikataa, na Juni 2022 akaeleza chini ya kiapo kwamba ni sehemu ya imani yake kuwa katiba ilivuviwa na Mungu, kwa hiyo hawezi kuikiuka kwa sababu tu ameombwa. Chama chake cha Arizona kilimpa karipio rasmi, na Agosti akashindwa kura za mchujo. Naomba mwenye video zile atuambie: kwa kipimo chake, Kaka Bowers yumo au ametoka?