Magofu na miamba pwani ya Ugiriki: Milos, Lissos (Krete), Thasos au Paros?

Zuhura_Hamburg
Habari zenu wapendwa. Mwishoni mwa Septemba nina likizo, na mama yangu atakuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Nataka twende kisiwa kimoja tu cha Ugiriki, na siku moja iwe ya kutembea kwa miguu kando ya bahari, tuone magofu ya kale na miamba iliyochongwa na mawimbi katika safari hiyo hiyo. Mama ana miaka sitini na kitu. Anatembea vizuri, ila magoti yake hayapatani na mteremko mrefu.

Nimebakiwa na majina manne: Milos (Sarakiniko hadi Phylakopi), Lissos kule Krete, Aliki kisiwani Thasos, na Kolymbithres kule Paros. Mliofika nawaomba mnilinganishie, hasa habari ya kivuli, maji na usafiri. Picha nimeshaziona za kutosha.

MzeeWaButi
Dada Zuhura, kwa miamba Milos haina mpinzani hapo. Sarakiniko ni majivu ya volkano yaliyogandamana yakawa jiwe jeupe laini, kisha upepo wa kaskazini na mawimbi vikalilamba mpaka likabaki mviringo mtupu, kona huzioni. Jua likipanda linang'aa hadi macho yanauma, kwa hiyo miwani ya jua ni lazima. Na mti hakuna, hata kichaka cha kujibanza hupati.

Ukifuata pwani kuelekea mashariki unafika Papafragas, mahali bahari ilipochimba mfereji mwembamba ndani ya jabali. Tazameni kwa juu tu, kwa sababu mawe yanaporomoka. Hapo jirani ndipo Phylakopi, mji wa Zama za Shaba ambao Waingereza walianza kuuchimba mwaka 1896. Milos ndiko ilikotoka obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalopasuka kama kioo na kutoa makali ya kisu. Jiwe la Milos limekutwa bara, kwenye pango la Franchthi, katika tabaka za zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Yaani watu walikuwa wanavuka bahari kulifuata zamani sana kabla ya mji wenyewe kujengwa. Ukisimama pale ukalifikiria hilo, kuta fupi zinakuwa na uzito mwingine kabisa.

Mkiona vipande vyeusi vinang'aa chini, viacheni palepale. Sheria ya mambo ya kale ya Ugiriki haina mchezo.

BintiKilwa
Mzee wangu nakuheshimu, ila mwambie dada na upande wa pili. Phylakopi inahitaji mtu aliyekwisha kusoma kabla. Kuta nyingi ni za kimo cha kiuno au chini ya hapo, bahari imeula upande wa kaskazini wa mji, na ule mchoro maarufu wa ukutani wa samaki panzi wakiruka uko makumbusho ya taifa Athens. Hata sanamu ya Venus ya Milos, iliyopatikana 1820, iko makumbusho ya Louvre, Paris. Mtu aliyezoea jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa akitegemea kuta za kumzidi kimo atavunjika moyo. Halafu njia yenyewe si moja iliyonyooka: kuna vipande utajikuta kwenye lami, magari yanakupita.

Kwa alichoomba Zuhura, yaani magofu na miamba kuunganishwa na miguu, mimi nasema Lissos, na sitasita. Unaanzia bandari ndogo ya Sougia, kusini magharibi mwa Krete. Njia inaingia moja kwa moja kwenye korongo jembamba lenye misonobari na miolianda, kuta zimeinama juu yako, na asubuhi kivuli kipo. Baadaye unapanda hadi uwanda wa juu, wazi kabisa, harufu ya majani ya porini tu, kisha ghafla ardhi inakatika na bonde la Lissos lote liko chini yako na bahari mbele yake. Kwa mwendo wa kawaida ni saa moja na nusu hivi kwenda. Alama ni za E4, njia ndefu ya miguu inayopita nchi nyingi za Ulaya, njano na nyeusi, hupotei. Barabara ya gari haifiki, ni miguu au boti.

Huko chini kuna hekalu la Asklepios, mungu wao wa uponyaji. Limejengwa likiegemea kilima palipo na chemchemi, na wagonjwa walikuwa wanakuja kutafuta nafuu. Wachimbaji walilifikia mwaka 1957. Sanamu walizotoa ziko makumbusho ya mji wa Chania, lakini sakafu ya mozaiki imebaki mahali pake. Tazama ukuta wa nyuma: mawe makubwa yamekatwa yakakaana bila nafasi ya kupitisha kadi ya benki, na miguuni pake mbuzi wamelala kivulini. Ng'ambo ya bonde kuna safu ya makaburi ya Kirumi yenye paa za kuba, kila moja kama chumba kidogo. Makanisa mawili madogo ya pale chini yamejengwa kwa mawe ya mji wa kale. Utaona kipande cha nguzo ndani ya ukuta, kimelazwa ubavu.

Salim_wa_Muscat
Nyongeza kwa BintiKilwa kuhusu miamba, maana watu wanadhani Lissos ni magofu tu. Tarehe 21 Julai mwaka 365 BK tetemeko kubwa liliinua magharibi ya Krete, sehemu nyingine kwa karibu mita 9. Bandari za kale zikabaki nchi kavu. Mkipita na boti kati ya Sougia na Lissos, tazameni majabali: juu ya maji, mbali na mawimbi ya leo yanapofika, kuna mstari wa mmomonyoko, jiwe limeliwa na kutobolewa na viumbe vya baharini. Hapo ndipo usawa wa bahari ulipokuwa. Mimi nimetembea pwani nyingi na sijaona mahali pengine ambapo historia ya bahari inasomeka kwa macho hivyo, bila kibao cha maelezo.

Na kama mama ni msomaji wa Biblia, ule ukanda wote umo Matendo ya Mitume sura ya 27. Foinike, bandari ambayo meli ya Paulo ilitaka kufika kupitisha majira ya baridi, ni pale Loutro, mashariki zaidi kwenye pwani hiyo hiyo. Kauda ni kisiwa cha Gavdos, mnakiona kwa mbali siku isiyo na ukungu.

MamaNeema
Jamani, mnamsahau mama na magoti yake. Kushuka Lissos kutoka ule uwanda ni zigizaga ya mawe yanayoteleza, ndicho kitu hasa alichosema hawezi.

Zuhura mwanangu, nenda Aliki. Ni rasi ndogo kusini mashariki mwa Thasos, ghuba mbili zimepeana mgongo. Njia inaizunguka chini ya misonobari, kwa polepole kama saa moja. Unaanza na mabaki ya patakatifu pa kale, unapanda kidogo kwenye misingi ya makanisa mawili ya karne ya 5, kisha unatokea kwenye machimbo ya marumaru yaliyokuwa yanakatwa tangu kabla ya Kristo na kupakiwa melini palepale. Bahari imepanda tangu wakati ule, kwa hiyo sakafu za machimbo sasa ziko sambamba na maji. Unaona vidimbwi vya pembe nne, vyeupe, alama za patasi bado zipo, na kingo zimeliwa na chumvi mpaka hujui alipoishia fundi na ilipoanzia bahari. Migahawa iko ufukweni. Boti kutoka Keramoti, bandari ya bara, hadi kisiwani ni kama dakika 40.

MzeeWaButi
Aliki ni pazuri, sikatai. Ila ni matembezi ya saa moja, na yeye kaomba siku nzima.

Juma_Paros2
Paros kwa ufupi: Kolymbithres ni miamba ya matale (graniti) iliyolainishwa kwenye ghuba ya Naoussa, na kilima cha Koukounaries juu yake kina mabaki ya makazi ya Wamykene, Wagiriki wa Zama za Shaba, yaliyoteketezwa karne ya 12 KK. Kupanda ni kufupi lakini kwa mawe, na juu hakuna kivuli. Nusu siku inatosha. Kama hampitii Paros kwa sababu nyingine, usiende kwa ajili ya hilo peke yake.

Zuhura_Hamburg
Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Shikamoo Mama Neema. Swali kwa BintiKilwa na Salim: je, mama anaweza kuja Lissos kwa boti mimi nikapita kwa miguu, tukutane bondeni? Na upepo wa mwisho wa Septemba ukoje huko, ukilinganisha na Milos?

BintiKilwa
Ndiyo, dada. Pale Sougia kuna boti ndogo za kukodi, mnapatana na nahodha muda wa kumpeleka na wa kuwafuata nyote wawili, kwa hiyo hata wewe hulazimiki kurudi kwa miguu. Ukifika kijijini ongea naye siku moja kabla. Bondeni kwenyewe ni tambarare kutoka ufukweni hadi karibu na hekalu, mama atatembea bila shida. Duka hakuna, maji na chakula mbebe wenyewe. Kutoka Chania hadi Sougia kuna basi, mwendo wa kama saa mbili, barabara ina kona nyingi, kwa hiyo mama akae mbele.

Salim_wa_Muscat
Upepo: meltemi, ule wa kaskazini, unavuma zaidi Julai na Agosti na hupungua Septemba. Ukivuma, pwani ya kaskazini ya Milos ndiyo inayopigwa, na Sarakiniko mawimbi yanapanda juu ya mwamba. Kusini mwa Krete milima inawakinga, ingawa upepo hushuka makorongoni kwa vishindo. Kinachosumbua kule ni upepo wa kusini: ukianza, boti zinafungwa kamba na nahodha hatakubali hata umwongeze nauli. Kwa hiyo laleni Sougia usiku zaidi ya mmoja, msiiweke Lissos siku ya mwisho kabla ya ndege. Na kukitabiriwa mvua kubwa, usiingie korongoni.

MamaNeema
Marahaba mwanangu. Kama boti ipo, basi nendeni Lissos, mimi sina neno. Mwambie mama avae raba zenye soli ngumu hata kwa boti, ufukwe wa Lissos ni kokoto tupu.